Binti, puto na tangi la ndege ya baba

Marekani sheria inamruhusu mtu kuunda ndege nyumbani kwake na kuirusha, mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye mwenyewe kwa kujifunza au kujiburudisha, na mkaguzi aipitishe kabla haijapaa. Ndege za namna hiyo ziko maelfu. Zinaundwa gerejini na katika mabanda ya uani, na watu ambao siku za kazi ni madereva, walimu, wauguzi na mafundi bomba. Chama chao kikubwa, EAA, kilianzishwa Milwaukee mwaka 1953 na Paul Poberezny, na kila mwaka wakati wa kiangazi wanachama hukusanyika Oshkosh, Wisconsin, kuonyeshana walichounda.

Kinachosemwa mara chache ni kwamba ndege hizi zinaundwa katikati ya familia. Gari linalala nje miaka mitano kwa sababu gereji imejaa bawa. Ndani ya friji, karibu na maziwa ya mtoto, kuna kopo lisilotakiwa kuguswa. Jumamosi ya sherehe ya darasani baba ana rangi nyeusi kwenye kucha isiyotoka kwa sabuni yoyote. Na siku moja, kama mambo yakienda vizuri, mzazi huyo atageuka na kumwambia mwenzake: sasa wapandishe watoto.

Familia ya habari hii inaishi Texas. Baba alizaliwa Tabora, mtoto wa fundi baiskeli. Alikwenda Marekani kusoma, akabaki, na kazi yake ni kutengeneza viyoyozi. Mama ni muuguzi wa zamu za usiku. Wana binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 7. Majina yao tuyaache.

Ndege yao ni RV-10, muundo wa kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven. Vipande huja kwenye masanduku vikiwa vimekatwa na kutobolewa, mjenzi anaviunganisha. Kampuni hiyo ina ndege za kiti kimoja na za viti viwili, tena rahisi kuliko hii. Baba alichagua ya viti vinne, na hapo ndipo Mama alipoingia katika mradi, apende asipende.

Hakukataa. Mwaka wa kwanza alisema neno moja tu: "Baba watoto, jenga. Lakini wanangu hawapandi mpaka mimi niridhike na mafuta yanakaa wapi." Aliwahi kuuguza watu walioungua. Hakueleza zaidi, wala hakuulizwa.

Basi mafuta yanakaa wapi? Watu wengi wakisikia "tangi" wanafikiria kitu kama pipa lililofungwa ndani ya ndege. Katika RV-10 hakuna pipa. Sehemu ya mbele ya bawa, ile yenye mviringo inayokata upepo, ndiyo tangi lenyewe. Bati la nje la bawa ndilo linaloshika petroli. Kuna tangi moja kila upande, galoni 30 kila moja, yaani lita 113 hivi. Likijaa, mafuta ya upande mmoja yana uzito wa mtu mzima wa kilo 80.

Bati hilo ni la alumini, na unene wake haufiki milimita moja. Alumini ni nyepesi, haishiki kutu kama chuma, na petroli haiidhuru. Shida yake iko kwenye maungio. Bati jembamba hivyo halichomelewi. Linapigwa ribiti, mamia ya ribiti, na kila ribiti inapita kwenye tundu. Kwa maneno mengine, mjenzi anatengeneza chombo cha petroli kwa kukitoboa mara mamia, halafu anatakiwa ahakikishe hakivuji hata tone.

Wengine wamepita njia tofauti. Ndege ndogo kabisa, zile za kuruka karibu na uwanja tu, nyingi zina tangi la plastiki nzito isiyo na kiungo, ndugu wa madumu yanayobeba maji na mafuta ya kula kwetu. Halina mambo mengi, ila umbo lake haligeuki kufuata umbo la bawa. Wako wanaochomelea alumini nene kidogo na kuliweka tangi ndani ya bawa; hapo adui ni mtikisiko wa injini, unaokuja kupasua mahali palipochomelewa. Na wako wa faibaglasi, wafuasi wa ndege za Burt Rutan, ambao tangi lao ni vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa gundi ngumu. Tangi la faibaglasi halina ribiti hata moja. Lakini si kila gundi inavumilia kila mafuta: petroli ya magari ya Marekani mara nyingi huchanganywa na ethanoli, na gundi iliyokaa salama miaka mingi kwenye petroli ya ndege inaweza kuanza kulainika ikikutana na ethanoli hiyo. Anayenunua ndege ya namna hiyo kwa mtu mwingine inampasa aulize si tu tangi ni la nini, bali limeunganishwa kwa nini.

Turudi gerejini. Kinachoziba matundu ya alumini ni dawa ya jamii ya polisalfaidi, ileile inayotumika kwenye matangi ya ndege kubwa za abiria. Huja katika makopo mawili. Moja lina dawa nyeupe nzito, lingine nyeusi. Zinachanganywa kwa uzito, kumi kwa moja, na kuanzia hapo saa inahesabu. Aina aliyotumia Baba inafanyika kazi kwa saa mbili hivi. Joto na unyevu vikizidi, muda unapungua. Julai ya Texas si rafiki wa dawa hiyo. Kwa hiyo walikuwa wakiamka saa kumi alfajiri, yeye na binti yake, na kufunga kazi kabla jua halijapiga mlango wa gereji.

Kazi ya binti ilikuwa mizani. Alipima nyeupe gramu 50, nyeusi gramu 5, akachanganya kwa kijiti mpaka usionekane mstari wowote wa weupe. Mchanganyiko unanuka kama yai viza na unashika kila kitu. Baba aliuita lami. Ilionekana kwenye kitasa cha mlango, kwenye usukani wa gari, siku moja hata kwenye sikio la paka wa jirani, na hakuna aliyekiri.

Hapa pana jambo la wazazi. Dawa hiyo na vimiminika vya kusafishia alumini si vitu vya kuchezea. Binti alivaa glovu na miwani, mlango wazi, feni inavuta hewa kutoka ndani kwenda nje. Mvulana wa miaka 7 hakuruhusiwa kuvuka kizingiti siku za lami, akalia sana, na hakuruhusiwa hata hivyo. Alipewa kazi ya kuhesabu ribiti kwenye sahani pale barazani. Kuna wazazi wanaoona kumshirikisha mtoto ni kumwachia kila kitu. Hawa hawakuona hivyo, na walikuwa sahihi.

Kabla ya dawa kuna kusugua. Alumini mpya inang'aa, na lami haishiki vizuri juu ya kitu kinachong'aa, wala juu ya mafuta ya vidole. Kila mahali patakaposhikana panakwaruzwa mpaka pafifie, panafutwa kwa kitambaa safi, kisha haparuhusiwi kuguswa kwa mkono mtupu. Baba alijua somo hili kabla hajajua kusoma. Tabora, chini ya mwembe, baba yake alikuwa akisugua mpira wa baiskeli kwa msasa kabla ya kupaka solusheni na kubandika kiraka. Mteja mwenye haraka alikuwa akimwambia, "Mzee, bandika tu." Mzee hakubandika tu.

Tangi moja lilichukua majira yote ya joto. Mbavu za ndani zilipakwa, zikapigwa ribiti, kila ribiti ikichovywa kwanza kwenye lami. Kisha ndani yake kila kichwa cha ribiti kikafunikwa tena, na kila pembe ikajazwa na kulainishwa kwa kidole chenye glovu. Mwisho kabisa unakuja ukuta wa nyuma. Ukishafungwa huo, hakuna atakayeona tena ndani. Binti aliupiga picha mara thelathini kabla ya kufungwa, kwa ajili ya daftari la ujenzi ambalo mkaguzi huwa anataka kuliona.

Baada ya lami kukauka siku za kutosha, tangi linapimwa. Halipimwi kwa petroli. Linapimwa kwa hewa, na chombo maarufu cha kupimia ni puto la sherehe ya mtoto.

Mtu asiyejua angechukua kompresa. Hilo ni kosa la kulia nalo. Tairi la gari linabeba zaidi ya psi 30. Tangi la bawa halitakiwi kuzidi psi 1. Inaonekana ndogo, lakini psi 1 juu ya bati la mita moja ya mraba ni msukumo wa kilo 700. Kompresa inaweza kulivimbisha tangi la miezi minne kwa sekunde chache. Puto halina nguvu hiyo. Unaziba bomba la kutolea mafuta na mfuniko wa kujazia, unavalisha puto kwenye bomba la kupumulia, unajaza hewa taratibu mpaka puto lisimame, unafunga valvu. Likibaki limesimama, tangi ni zima. Likisinyaa, kuna mahali hewa inapita.

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba. Puto jekundu, lililobaki kutoka siku ya kuzaliwa ya mvulana. Asubuhi ya Jumatatu lilikuwa limelala kama kitambaa.

"Baridi hiyo," Baba alisema, na hakudanganya. Usiku joto lilikuwa limeshuka nyuzi kumi. Hewa ikipoa inajikunja. Katika tangi la lita 113, nyuzi kumi peke yake zinaweza kupunguza karibu lita 4, na lita 4 ni puto zima. Kufika saa tisa alasiri puto lilikuwa limesimama tena, likionekana halina habari. Baba alifurahi, akataka kuanza tangi la pili.

Binti akaomba futi ya kamba ya kushonea. Akaanza kupima mzunguko wa puto kila siku saa moja asubuhi kabla ya basi la shule, akiandika na joto la gereji. Jumanne na Jumatano joto halikulingana na la Jumatatu, kwa hiyo hakusema kitu. Baba alidhani amechoka na mchezo. Kumbe alikuwa akingoja asubuhi mbili zenye joto sawa, na alipozipata, Jumatano na Jumamosi, nyuzi 21 kwa 21, puto lilikuwa limetoka sentimita 62 hadi 51.

"Maputo yote hupungua," Baba alisema. "Hewa inapita kwenye mpira wenyewe." Hilo nalo ni kweli.

Wiki iliyofuata binti alijaza upya puto la tangi, akajaza na la pili kutoka pakiti ileile kwa kipimo kilekile, akalifunga kwa uzi na kulining'iniza kando yake. Siku tatu baadaye, joto likiwa limerudi palepale, lile la uzi lilikuwa limepungua sentimita 3. La tangi, 11. Baba akataja mgandamizo wa hewa ya nje, ambao pia hubadilisha puto. Binti akafungua taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa jirani. Ulikuwa karibu uleule wa siku ya kwanza.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba baba alifurahia akili ya mwanawe. Hakufurahi. Alikuwa na miezi minne mikononi, na mtoto wa miaka 12 mwenye futi ya kamba alikuwa akimwambia, bila kusema, kwamba miezi hiyo inavuja. Alizima taa ya gereji na kwenda kulala bila kula.

Jumamosi walichanganya maji na sabuni ya vyombo, wakapaka kwa brashi kila kiungo huku tangi lina hewa. Ribiti hazikutoa kitu. Mfuniko wa kujazia, ambao mara nyingi ndio mkosaji, haukutoa kitu. Kwenye pembe moja ya nyuma, pale ubavu wa mwisho unapokutana na ukuta na bati la nje, povu lilianza kukua polepole, dogo kama punje ya mchele, kisha kama harage. Mvulana, ambaye siku hiyo aliruhusiwa kuingia, ndiye aliyeliona.

Sasa Baba alikuwa na njia mbili. Zamani wajenzi walikuwa na dawa nyepesi ya kumimina ndani ya tangi na kulizungusha, ikaenea kila upande na kuziba kinachovuja bila mtu kufungua chochote. Ilipendwa mno. Baada ya miaka, katika baadhi ya matangi, dawa hiyo ikaanza kubanduka kama ngozi ya kitunguu na kusafiri mpaka kwenye mdomo wa bomba linalopeleka mafuta kwenye injini. Mjenzi alikuwa amebadilisha tone la petroli chini ya bawa kwa injini kuzimika angani. Kampuni yenyewe iliacha kuipendekeza. Lakini makopo ya jamii hiyo bado yapo madukani, na jioni ile Baba aliyaangalia kwenye simu muda mrefu.

Njia ya pili ni kukata. Unatoboa tundu la kuingiza mkono kwenye ukuta wa nyuma wa tangi ulilolifunga mwenyewe, unakwangua lami yote ya pembe ile, unasafisha, unasugua, unapaka upya, kisha unaziba tundu kwa kibati chenye lami na ribiti zake. Yaani unaziba pembe moja kwa kuongeza mahali pengine panapoweza kuvuja.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kumpigia bibi simu Tabora.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndege imefika wapi?"

Akamweleza. Bibi hajawahi kupanda ndege, ila kiungo kinachovuja anakijua vizuri; ameishi miaka arobaini na karai la maji la kupimia pancha mlangoni. Alisikiliza habari ya baridi, ya mpira wa puto, ya mgandamizo.

"Na povu mmeliona?"

"Tumeliona, mama."

"Sasa mnangoja nini?"

Mama alikuwa jikoni akijiandaa kwenda kazini. Alisikia yote kwenye spika na hakutia neno. Baadaye alisema kwamba kama Baba angenunua lile kopo, asingemgombeza. Asingepandisha watoto, basi.

Tundu lilikatwa Jumapili asubuhi. Bahati ya kupima kwa hewa ni hiyo: tangi lilikuwa halijawahi kuonja petroli. Kila fundi wa kuchomelea, wa Dallas au wa Gerezani, anajua tangi lililomwagwa petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke uliobaki. Kama uvujaji huu ungeonekana mwaka mmoja baadaye, kwa doa chini ya bawa, kutoboa kungekuwa jambo jingine kabisa.

Ndani ya pembe ile walikuta lami imeshika upande mmoja tu. Upande wa pili palikuwa na mng'ao wa alumini, upana wa ukucha, ambapo msasa haukupita. Kati ya mita zote zilizosuguliwa, ukucha mmoja. Binti alipapiga picha na kuibandika daftarini karibu na picha zake thelathini. Ukiziangalia tena, mojawapo inaonyesha mahali hapo panang'aa. Hakuna aliyekuwa amepatazama.

Kipimo cha pili kilidumu siku tisa, maputo mawili sambamba. Yalipungua pamoja. Tangi la bawa la kulia lilijengwa majira ya baridi, na hilo halikuwahi kutoa povu.

Kuziba tangi, hata hivyo, hakukumaliza maswali ya Mama. Alikuwa anamkumbuka mwanamuziki John Denver, aliyekufa tarehe 12 Oktoba 1997 katika ghuba ya Monterey, California, akirusha ndege ya faibaglasi aina ya Long-EZ aliyoinunua kwa mtu mwingine. Tangi la ndege ile halikuwa na tatizo la kuvuja. Mtu aliyeiunda hakutaka mabomba ya mafuta yapite kwenye chumba cha rubani, wazo ambalo mzazi yeyote angelipigia makofi, kwa hiyo swichi ya kuchagua tangi aliihamishia nyuma ya bega la kushoto la rubani. Denver aliondoka bila kuongeza mafuta. Wachunguzi wa serikali walieleza kwamba alipojaribu kuifikia swichi ile ili abadilishe tangi, alipoteza udhibiti wa ndege.

Kwa hiyo siku viti vilipofungwa, Mama aliketi kwenye kiti cha rubani, akakaza mkanda mpaka mwisho, akafumba macho. "Niambie nizime mafuta," alisema. Katika RV-10 swichi iko katikati, kati ya viti vya mbele. Mkono wake uliikuta mara ya kwanza. Akarudia kwa mkono mwingine. Akamwita binti, naye akafanya vilevile. Mvulana alitaka zamu yake na mkono wake haukufika, jambo lililomridhisha Mama zaidi kuliko yote.

Binti naye alikuwa na hoja zake. Mwaka 2019 kikundi cha vijana wa Afrika Kusini kiliunda ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kutoka masandukuni, ikarushwa kutoka Cape Town hadi Cairo, ikitua njiani hata Zanzibar. "Walikuwa wanafunzi, Mama. Na wazazi wao waliwaruhusu." Mama alijibu kwamba wazazi wale hawakuwa yeye, na kwamba angependa kujua nani aliyepima matangi yao.

Swali lake la mwisho lilihusu rangi. Petroli ya ndege inayouzwa zaidi kwa ndege ndogo, 100LL, ni ya buluu, na ndani yake kuna madini ya risasi. Kwa watoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwaka 2023 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitamka rasmi kwamba risasi inayotoka kwenye injini za ndege hizi inachangia uchafuzi wa hewa unaohatarisha afya. Mama aliweka sheria: anayegusa kitu chenye mafuta avae glovu, anawe kabla ya kula, na nguo za uwanjani hazifuliwi na za nyumbani. Baba aliona sheria hiyo imezidi. Inafuatwa.

Buluu hiyo ina faida moja. Tangi likianza kuvuja kidogo, petroli inakauka na kuacha doa la buluu kuzunguka ribiti, na doa hilo halisingizii baridi.

Ndege ilipaa Machi, Baba peke yake ndani. Sheria ya Marekani haimruhusu kubeba abiria katika kipindi cha majaribio, ambacho huwa saa 25 au 40 kutegemea injini na pangaboi. Yake ni 40, ndani ya eneo alilopangiwa. Kila akitua, binti anangoja pangaboi lisimame kabisa, anavaa glovu, anapita chini ya mabawa yote mawili na karatasi nyeupe, akifuta mstari wa ribiti mmoja baada ya mwingine. Anaandika tarehe, saa za kuruka, na neno moja: nyeupe.

Kufikia wiki iliyopita ndege ilikuwa na saa 29. Mama ameshapanga viti. Yeye mbele, kwa sababu mkono wake unaifikia swichi. Binti nyuma ya baba yake. Mvulana nyuma ya mama, na mfuko wa kutapikia.